Faili Langu na Tundu la Mzee

Vijana wakiniuliza nilivyopata kuwa mwanasheria, kisha mkurugenzi serikalini, wanataka niwatajie shahada. Nawaambia nilianza kwa kosa, nao hucheka wakidhani ni unyenyekevu. Mimi si mnyenyekevu. Mke wangu atashuhudia.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa mahakama pale Kisangani. Kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza watu kwa Kiswahili na Lingala, kisha kumwandikia hakimu Mbelgiji kwa Kifaransa. Uwakili ulikuwa mlango uliofungwa kwetu sisi weusi. Lakini serikali ilikuwa imetangaza mtihani wa vyeo vya utawala, na safari hii hata sisi tungeweza kuufanya, mradi faili la mtu liwe safi. Langu lilikuwa safi. Nilisoma kila alfajiri, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili nisisinzie.

Wiki chache kabla ya majina ya watahiniwa kupelekwa, wavuvi wawili wa kwenye maporomoko walikuja kushtakiana. Mmoja wao, mzee, alisema jirani yake ameweka mitego mahali pake. Jirani akajibu kwamba tangu maji yapande hapakuwa na hata mti mmoja wa mitego pale. Hakimu akaniuliza mimi desturi inasemaje. Kwetu Yanonge tunatupa wavu, na ukiondoka mahali, mwenzako anapachukua. Nikajibu kwa uhakika wote wa mtu aliyevaa tai: aliyeondoka ameacha. Nikaandika, nikatia saini, na mzee akashindwa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye baraza ya ofisi.

"Karani, wewe iko mutu ya Yanonge?"

"Ndiyo, papa."

"Bon. Twende, uone."

Nilimfuata nikinung'unika, viatu vyangu vya ofisi mkononi. Kule kwenye maporomoko alinionyesha tundu katika jiwe, ambamo husimamishwa miti mikubwa ya kushikilia mitego.

"Kila mwaka maji inabeba miti. Tundu inabaki. Hii iko ya papa yangu, na ya papa yake. Maji ikishuka, tunasimamisha tena. Donc, nani aliacha?"

Swali moja tu pale mahakamani lingetosha, nami sikuuliza kwa sababu nilijiona najua. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Na niseme ukweli, nilimkasirikia pia yule mzee. Kwa nini hakungoja mwezi mmoja tu, majina yaende kwanza?

Nyumbani nilimkuta mke wangu akitwanga majani ya muhogo, pondu, nikamweleza yote, na kwamba nafikiria kumwandikia hakimu kukiri kosa.

"Papa, ukiandika, faili itachafuka," alisema.

"Na nisipoandika?"

"Utafanya mtihani." Akatwanga kidogo. "Na watoto ya ule muzee watakula nini?"

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wao hawakuwa na faili. Niliandika barua usiku uleule. Nilisema kwamba maelezo ya desturi yalikuwa yangu peke yangu, na yalikuwa ya uongo, ingawa sikukusudia kudanganya.

Hakimu aliisoma akiwa amesimama. Akaniambia kwamba barua ya namna hiyo atalazimika kuiweka katika faili langu, na kwamba angeweza pia kusahau kuwa ameiona. Akaisukuma juu ya meza kuelekea kwangu. Niliisukuma ikarudi kwake.

Kesi ilisikilizwa upya, wazee wa maporomoko wakaitwa, na mzee akarudishiwa mahali pake. Nilikutana naye sokoni baadaye. Hakunishukuru. Iliniuma siku mbili, halafu nikaona ana haki, maana nilikuwa nimemrudishia kilicho chake.

Orodha ya watahiniwa ilipobandikwa ukutani, niliisoma mara tatu. Jina langu halikuwemo. Machozi yalinitoka palepale, mbele ya makarani wenzangu, nami nikajifuta kwa tai. Kisha nikaingia ndani kuomba fomu ya mwaka unaofuata. Aliyekuwa akizitoa aliniuliza kama nimesahau kilichomo katika faili langu. Nikamjibu kwamba nilikiandika mwenyewe, nikamwomba kalamu.