Pwani Niliyomchagulia Wifi Yangu

Assalaam alaykum admin na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche, maana hapa Maskati sisi watu wa Unguja tunajuana hata kwa harufu ya udi. Mie ni mama wa miaka hamsini na nne, nakaa Ghubra. Kusoma sikusoma sana, lakini Mwenyezi Mungu kanilipa kwa watoto. Binti yangu wa mwisho, tumwite Asya, ana miaka ishirini na sita, Kiarabu chake, Kiingereza chake, Kiswahili chake, vyote safi. Sura msiniulize, nikianza hapo sitamaliza.

Anafanya kazi ofisi ya safari. Joto likizidi, yeye ndiye anayezichagulia familia zetu pwani za kwenda kupumzika, na hasa visiwa vya Ugiriki. Watu wetu hawataki pwani yoyote tu. Wanataka penye stara, mwanamke aingie baharini na nguo zake kamili asitazamwe kama kituko. Basi mwanangu hupiga simu mahotelini, huangalia picha walizopiga wasafiri, moja moja, na akikuta pwani watu wanakoga uchi, anaitoa. Nani mwengine hapa Maskati anaifanya kazi hiyo vile? Mnionyeshe.

Mwaka jana wakaja watu kumtaka. Kijana daktari wa meno, mama yake mtu wa dini, mstaarabu. Kwa kawaida yetu, kabla ya posa huulizwa shangazi wa msichana, kwa kuwa yeye ni damu ya baba. Shangazi wa Asya ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Mie nikatulia kabisa, nikaanza hata kuulizia vitambaa. Wifi huyo nilimuuguza alipopasuliwa goti, nikimkogesha kwa mikono yangu hii.

Mama wa kijana akaenda kwake, akanywa kahawa, akauliza. Wifi yangu akamjibu, "Mtoto hana tabu. Ila kazi yake hiyo, kutwa yuko kwenye kompyuta anaangalia Wazungu walio uchi. Mie shangazi yake, nimeona kwa macho yangu." Aliyeniletea maneno haya ni jirani yetu aliyekuwa amekaa pale pale.

Na kweli aliona. Asya mwenyewe alimwonyesha sebuleni kwangu, "Tazama shangazi, hii nimeitoa, haifai kwa watu wetu." Kumbe mwenzake anaweka akiba.

Posa ikafa. Asya hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Mama, mie sina neno," akaenda kazini, ila nikaona kaacha kupaka wanja. Haikupita miezi mingi, kijana yule yule akamposa binti wa wifi yangu. Na mie nilikwenda, nikala halua yao, nikapiga vigelegele. Koo linaniuma mpaka leo.

Sasa wiki iliyopita wifi kaja kwangu na abaya mpya, kanikumbatia. "Wifi yangu kipenzi, wakwe wanataka twende nao Ugiriki tuzoeane kabla ya harusi. Mie pwani za huko nazijulia wapi? Mwambie mwanao atuchagulie. Yeye ndiye mjuzi."

"Mjuzi wa kuangalia?" nikamuuliza.

Akacheka. "Ah, nawe wifi hupitwi na neno. Tunataka ya stara tu, unamjua mkwe wangu, huyo mama wa kijana, na dini yake."

Nilipomwambia Asya, akafungua kompyuta. Mtoto ana moyo, sijui kautoa wapi, si kwangu. Akachagua moja ya mchanga laini, ina upande wa familia peke yao. "Mwambie shangazi hii, mama. Ile ya nyuma ya jabali asiiguse. Picha zake zimepigwa kutoka juu, unaona maji ya buluu tu, lakini ukishuka ngazi, wote walioko chini hawana hata uzi mwilini."

Nikaingia jikoni na simu yangu, nikamtumia wifi sauti. "Mwanangu anasema bora ni ile ya nyuma ya jabali. Ngazi zake nyingi kidogo, lakini ukifika chini hutasahau. Shukeni nyote pamoja, na mkwe wako mtangulize mbele."

Jamani, siku ile nilikula wali wangu kwa raha. Kwa mawazo nilimwona mkwe kasimama ngazi ya mwisho na tasbihi yake mkononi, wifi yuko nyuma, hajui afunike macho ya nani kwanza.

Raha ile ilidumu mpaka juzi, wifi aliponipigia, sauti tamu kama asali. "Mkwe nimemwonyesha picha, kafurahi mno. Nimemwambia kachagua Asya. Kasema tukirudi atakuja kwako mwenyewe, amshukuru mwanao kwa mkono wake."

Nikakaa kitako. Wakishuka ngazi zile watasema, Asya ndiye yule yule aliyekuwa akiwaangalia walio uchi, na sasa katupeleka na sisi. Uongo wa wifi nitakuwa nimeutia muhuri mie mama yake. Nikimwambia wifi kweli, kwamba nilimdanganya mie, ataitangaza nyumba kwa nyumba. Nikisema Asya kakosea, naivunja kazi ya mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Na Asya hajui kitu. Jana kaniuliza, "Mama, shangazi kaipenda ile pwani?" Nikamwambia kaipenda sana.

Wanasafiri Alkhamisi. Moyo wangu haujapoa, na nataka wifi aone haya mbele ya wakwe zake kama alivyomvua nguo mwanangu mbele ya hao hao. Basi nyie wenye akili, nipeni shauri. Msiniambie nimsamehe, hilo sikuliuliza. Niambieni vipi nitamtoa mwanangu kwenye ngazi zile, na wifi nimwache ashuke.