Yaya na Kasiksi ya Wakwe

Kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, mtu akikupa kinywaji, anakunywa yeye kwanza. Anameza mbele ya macho yako, anapangusa mdomo, halafu anakupa kikombe. Nimechimba dhahabu Omate, nimelima mihogo Buleusa, nimebeba mizigo Kitshanga, na kote huko nimekuta hivyo hivyo. Ni kwa sababu ya karuho, sumu ya polepole ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kunionyesha. Hakuna anayekasirika akiombwa aonje. Ni adabu tu, kama kuvua kofia kanisani.

Ndiyo maana kaka yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, aliishi muda mrefu bila watu kugundua kwamba ana tatizo. Alionekana tu kuwa na adabu kupita kiasi.

Mkewe ndiye aliyegundua kwanza. Alitakiwa kuonja bugali, akaonja. Akatakiwa kuonja upande wa pili wa bugali ule ule. Kisha maharage, ya juu na ya chini. Chakula cha nyumba ile kililiwa kikiwa baridi kila siku. Mwishowe akamwambia, "Papa, kama ningetaka kukuua, ningekuwa nimemaliza zamani." Yaya alilitafakari jibu hilo kwa miezi. Mke akarudi kwao, na binti yao mdogo akabaki kwa baba. Tangu hapo Yaya anachota maji mwenyewe, anapika mwenyewe, na anakula amesimama, mgongo ukutani.

Haikuwa chakula peke yake. Watu wawili wakicheka njiani, wanamcheka yeye. Jirani akimsalimu, anataka kitu. Asipomsalimu, amekwisha kukipata. Wengi walisema ni vita vilivyomfanya hivyo, lakini vita vilipita kwetu sote, na mama yetu alisema kwamba hata alipokuwa kijana alikuwa anaficha kijiko chake.

Binti alikua. Kijana wa mlima wa pili akamtaka, naye akamtaka. Binti akanipigia simu nikiwa Omate.

"Baba mudogo, kuya. Wakwe wanaleta kasiksi. Papa akikatala kunywa, njo mwisho."

Alikuwa sahihi, hiyo ndiyo ingekuwa mwisho. Wazazi wa kijana wanaleta kasiksi, pombe ya ndizi, wanaionja, na baba wa binti anakunywa. Akikataa, amewaita wauaji mbele ya ukoo mzima. Hakuna ndoa baada ya hapo.

Njiani mvua ilinishika Kitshanga, nikajisitiri kwenye baraza ya kituo cha afya. Hapo alikuwapo mama mmoja ambaye kazi yake ni kusikiliza wakimbizi wa kambini wenye mateso ya moyo na akili. Siku hiyo mvua ilikuwa imemwachia mimi tu. Nikamweleza habari za Yaya. Akanipa jina la Kifaransa, *trouble de la personnalité*. Niliacha shule kabla ya kufika kwenye maneno ya namna hiyo, nikamwomba ayafungue.

"Si ugonjwa wa kuingia kama malaria," alisema. "Ni namna mutu iko tangu ujana, mbele ya kila mutu, kila pahali, hata pale inamuharibia maisha. Na yeye haoni kama iko mugonjwa. Anaona ni siye wengine tunalala."

"Lakini Mama, huku kila mutu anaogopa sumu. Utamutambua namna gani?"

"Mwenye kujichunga, ukimuonyesha kikombe iko safi, anakunywa. Huyu wako, ukimuonyesha kikombe, anauliza sababu: juu ya nini umemuonyesha."

Nikamwambia kwamba anamjua Yaya. Akasema hapana, ila anawajua wenzake.

"Atapona?"

"Inaweza kupunguka, kama anakuja kuongea na siye muda murefu."

"Atauliza nani amekutuma weye."

"Njo vile iko. Basi usibishane naye. Usimucheke. Usimushitukize, mwambie yote mbele. Na kama kuko kitu anaweza kushika na mikono yake mwenyewe, acha ashike."

Mvua iliisha, nikapanda pikipiki. Njia yote niliwaza maneno hayo ya mwisho.

Nilipofika nilimwambia Yaya mbele ya binti yake kwamba wakwe hawataleta kasiksi. Wataleta ndizi, na yeye ndiye atakayezikamua.

"Nani atazikata kwenye mugomba?"

"Yaya, ndizi iko na ganda."

Akalifikiria ganda. "Ganda ni kitu ya muzuri," alisema.

Nikaenda kwa baba wa kijana, mzee mfupi mwenye sauti ya pole. Aliposikia mpango, alisema hajapata kuona jambo kama hilo. Nilimwambia Yaya anapenda kazi, na hilo halikuwa uongo. Akakubali, lakini alinisindikiza hadi njiani akiniangalia.

Ndizi zikaja. Yaya akazivundika, akazikamua kwa majani aliyoyakata mwenyewe, akachanganya unga wa mtama, akaweka kiti chake mbele ya mtungi na kukikalia hadi pombe ilipoiva. Hakuna aliyeikaribia. Sidhani kama kuna kasiksi iliyowahi kuwa safi kama ile.

Siku yenyewe wakwe walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine, binti nyuma ya pazia. Yaya akachota, akaonja bila kuombwa, akampa baba wa kijana kikombe kwa mikono miwili. Nilianza kupumua.

Mzee hakunywa. Aliangalia ndani ya kikombe.

"Papa, unisamehe. Juu ya nini ulitaka kuikamua weye mwenyewe?"

Upande wetu shangazi mmoja alianza kukusanya kitenge chake ili aondoke. Pazia liliacha kutikisika. Niliona ndoa inaisha mikononi mwangu, kwa mpango wangu.

Yaya aliinamisha kichwa pembeni.

"Unaogopa?"

"Apana. Nauliza tu."

"Uliza."

"Basi onja tena. Upande ile ingine ya kikombe."

Yaya akakigeuza kikombe, akaonja.

"Na ya chini?"

"Ya chini njo yenyewe," Yaya alisema, na akanywa hadi mwisho. Akachota nyingine mbele ya macho ya mzee, akaionja pande zote mbili, akampa. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Umeona? Huyu mutu iko na akili."

Mzee akanywa. Yaya akanywa tena. Shangazi akakaa.

Mama wa Kitshanga hakunidanganya. Wiki iliyofuata Yaya aliniuliza nani amenitoa Omate na kwa nini, na alipoona nafikiri kabla ya kujibu, akahamishia sufuria yake chumbani.

Lakini binti yake ananipigia simu mara kwa mara. Anasema baba yake huja kuwatembelea na chungu chake cha maharage kichwani. Baba wa mumewe humwomba aonje, ya juu na ya chini, naye huonja bila kununa. Halafu Yaya anavuta kiti, na wazee wale wawili wanakula wakiwa wamekaa.