I ya Kulima na I ya Fijo

Juzi nilisimama kwenye duka la nafaka, nikanusa gunia la kahawa mbichi. Ni ile harufu ya mkonge, vumbi na nyasi zilizolowa. Hasira ikanipanda kabla sijajua inatoka wapi. Msomaji wangu, wengine harufu huwakumbusha maandazi ya mama. Mimi ilinikumbusha ghala la ushirika pale Tukuyu, na mtu aliyesema mdomo wangu una kasoro.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipita vijijini na magari yao, ushirika ukawa hoi, na ghala lake likabaki tupu mpaka bwana mmoja mgeni, mtu wa pwani, alipolikodi na kufungua shule ya kufundisha kwa Kiingereza. Alipaka kuta rangi ya bluu hadi kiunoni, akatundika kibao kikubwa. Harufu ya kahawa ilimshinda.

Sisi tulikaa Kisondela, nyumba imezungukwa na migomba: baba, mama, mimi na bibi mzaa baba. Baba alikuwa kibarua wa kiwanda cha chai. Huko kazini aliambiwa kwamba mtoto asiyejua Kiingereza atachuma chai mpaka mgongo upinde, na neno hilo lilimwingia. Bibi alikuwa na Kiswahili cha kanisani na sokoni tu. Nyumbani tulizungumza Kinyakyusa, na jioni, ndizi zikitokota, ni yeye aliyeshika mazungumzo. Alikuwa akisema mdomo wa mtu hauazimwi.

Kiingereza changu kidogo nilikipata kwa Mwalimu Atupele, aliyetufundisha shule ya msingi ya kijiji. Alikuwa Mnyakyusa wa hapo hapo, na alisema Wazungu wana I mbili kama sisi. Katika Kinyakyusa, neno la kulima lina I ya kulegea, ulimi unashuka kidogo, mtu wa pwani anaweza kudhani umesema E. Lakini ukimwambia mtu ndaga fijo, yaani asante sana, I ya fijo inakaza na kuvutika, mashavu yanakwenda pembeni kama unatabasamu. Kiswahili kina I moja tu, haina haja ya kuchagua. "Meli kwa Kiingereza, ship, ni I ya kulima," alituambia. "Kondoo, sheep, ni I ya fijo. Wekeni kidole kidevuni, mtasikia tofauti." Tuliweka vidole videvuni, darasa zima, na tukaisikia. Haikutusumbua hata kidogo. Tulizaliwa nazo.

Basi siku ya usaili baba alivaa koti lake la kanisani, tukapanda kwa miguu hadi Tukuyu kwenye ukungu. Ndani ya ghala mizani ya ushirika ilikuwa bado imesimama, na meza ya mwenye shule ilikuwa pembeni yake. Tulipimwa pale pale yalipopimwa magunia.

Alikuwa na kadi za picha. Nilitaja paka, nikataja kiti. Akainua picha ya meli. Nikataja meli kwa Kiingereza, I ya kulima, kama nilivyofundishwa.

"Sivyo," akasema. "Sema 'shiip'."

Nilidhani ameshika kadi nyingine. Niliangalia tena. Ilikuwa meli, na moshi wake.

"Shiip," nikasema, "ni kondoo."

Akainua kadi ya kondoo. "Na hii?"

"Shiip."

"Na ile ya kwanza?"

Nikarudia I ya kulima. Akacheka, akamgeukia msaidizi wake. "Umesikia? 'Shep'. Hawa wa huku kilugha kimewakaa mdomoni."

Kisha akatamka yeye mwenyewe neno la meli na la kondoo, yote mawili kwa sauti ileile. Nilimsikiliza kwa makini, nikitafuta tofauti kama mtu anavyotafuta sindano kwenye mkeka, nikaikosa. Mimi nilikuwa nimesema kweli, na mbele yangu mtu mzima ananikosoa kwa kitu ambacho sikio lake halikipati. Machozi yalinitoka, na yeye akayachukua kuwa aibu.

Baba akaitwa. "Mtoto ana akili," akaambiwa, "ila lafudhi ni nzito. Mlete mwakani. Nyumbani acheni hicho kilugha kabisa."

"Asante, mwalimu," baba akasema, na kofia yake mkononi. Ile asante iliniuma kuliko kicheko.

Jioni ile ile baba alitangaza kwamba nyumbani ni Kiswahili tu. Bibi alikuwa akimenya ndizi. Hakubisha. Siku zilizofuata alijitahidi. Aliniita, "Wewe, Tusekile, leta... leta kile," akionyesha kwa kidole, kwa kuwa jina la kitu limemkimbia. Hadithi hakuweza kabisa kuzisimulia. Alianza moja, akakwama katikati, akasema moshi unamwumiza macho, akatoka. Nyumba ikawa na mazungumzo ya kuombana chumvi.

Haukupita muda mrefu bibi akafunga kitenge chake. Alisema anakwenda Isongole kwa baba mkubwa, kuna viazi vingi vya kuvuna na mikono haitoshi. Nilimwamini. Nilimkasirikia hata, kwamba amependa viazi kuliko mimi. Alifariki huko huko kabla hajarudi kuishi nasi.

Mwaka uliofuata nilirudi ghalani. Meli nikasema shiip, kondoo nikasema shiip, na yule bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona sasa?" akamwambia baba. Nikapokelewa.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri wa fonetiki alitusikilizisha irabu za lugha mbalimbali na kuuliza zipi zinafanana. Meli na kondoo zilipofika, wenzangu wengi walisema ni moja. Mimi nilisema ni mbili. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Rungwe, akaandika ubaoni: Kinyakyusa, irabu saba. Kiswahili, tano. Kiingereza, zaidi ya zote mbili. Niliyanakili daftarini, na hasira ya ghalani ikarudi.

Likizo nilipanda basi kwenda nyumbani nikiwa na hotuba yangu tayari, kwamba mdomo wangu haukuwa na kasoro na Kinyakyusa tulikiacha bure. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda migombani. Mama ndiye aliyeniambia.

"Hakukuwa na viazi, mwanangu. Ule mwaka mvua iliviozesha. Bibi yako alimwambia baba yako, 'Mimi nikiwepo mtoto atasikia Kinyakyusa changu, na akikisikia atafeli.' Akaomba tusikwambie."

Sikio la mtu husikia lilicholelewa nacho, na kwa hilo simlaumu mtu yeyote. Lakini yule bwana alikuwa na kiti, kadi na uwezo wa kusema sivyo, na sisi tulikuwa na koti la kanisani tu. Bibi alijitoa nyumbani kwa mwanawe, akaenda kufia kwenye baridi ya Isongole, kunipisha nijifunze kukosea.