Rivolva Ndani ya Mkoba wa Mgeni

Nilisoma kuhusu bastola aina ya rivolva kwa bidii kuliko nilivyosomea mtihani wangu wa mwisho wa shahada. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nikapata kazi kwenye ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa Maplewood, na kila siku niliendesha gari peke yangu kutoka Hopkins nilikoishi hadi kule na kurudi. Mchana mmoja wa baridi nilikuta kioo cha gari la jirani kimevunjwa kwenye maegesho yetu. Langu halikuguswa. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake. Mimi nilianza kujiuliza kwa nini waliliacha langu.

Muuzaji wa duka la silaha alikuwa mzee mpole mwenye miwani shingoni. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka.

“Binti, nimeuza nyumba kwa maswali machache kuliko haya.”

Nilichukua ya bei nafuu: nyeusi, fupi, ya risasi tano, inayoenea kiganjani. Mafunzo ya siku moja nilikuwa nimeyafanya Champlin, na kibali cha kubeba silaha nilikuwa nacho. Kila kitu kilikuwa halali. Ninasema hili mapema kwa sababu kwa miezi mingi nilijificha nyuma yake.

Nilinunua pia mkoba wenye mfuko wa pembeni, zipu yake peke yake, na ala ya bastola ndani. Mwalimu wa Champlin alitusisitizia: mkoba wenye silaha hautoki begani. Nilitii kazini, nikatii dukani na kanisani. Mahali pekee nilipovunja amri hiyo ni nyumba niliyoipenda kuliko zote.

Ilikuwa nyumba ya bibi mmoja kutoka Kongo ya mashariki, aliyeishi na binti yake na wajukuu watatu. Kila Jumamosi asubuhi nilimfundisha maswali ya mtihani wa uraia. Siku ya kwanza nilipokuja na mkoba ule nilikaa nimeupakata.

“Lete hiyo mukoba,” akaniambia. “Weye hauko kwenye kituo cha basi.”

Akaupeleka chumbani, akauweka kitandani. Ningeweza kukataa. Niliwaza namna saba za kukataa bila kumuudhi, na nilipofika ya saba alikuwa ameshaketi, kitabu mkononi.

“Nani anatunga sheria?” nikamuuliza.

“Bunge. Na nani anazifuata?”

“Hilo halimo kwenye mtihani, Bibi.”

“Nilijua tu!” Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge.

Hivyo ndivyo mkoba ulivyokuwa ukilala chumbani, Jumamosi baada ya Jumamosi, huku watoto wakikimbizana humo na kuruka juu ya kitanda. Mwanzoni nilisikiliza kila kishindo. Baadaye, na hili ndilo linalonitia aibu zaidi, nilizoea.

Bibi hakuniacha nitoke mikono mitupu. Alikuwa akinitilia kitu mkobani bila kuniambia, karanga au kipande cha samaki mkavu, nikikigundua nimeshafika nyumbani. Jumamosi moja nilikuja na vitabu vingi, mkoba ukawa umejaa. Akatafuta nafasi kwenye mfuko wa pembeni.

Alitoka chumbani polepole, ameushika mkoba kwa mkanda, mkono ameunyoosha mbali na mwili wake. Aliwaambia watoto watoke nje. Wakamjibu kwa Kiingereza kwamba kuna baridi. Akarudia mara moja tu, wakatoka. Akauweka mezani mbele yangu.

“Weye ulikuwa unatuogopa siye?”

Jibu lilikuwa neno moja. Hapana. Badala yake nilimweleza habari za kibali. Nikaeleza mafunzo, nikaeleza kwamba kifyatulio cha rivolva ni kigumu, si rahisi mtoto kukivuta, kwamba ala inakifunika chote. Nilisema labda dakika tano nzima. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku zote, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mwanafunzi. Na nilikuwa najua. Aliwahi kuniambia kwamba watu waliowafukuza kwao waliingia kama wageni, wakaomba maji kwanza.

“Asante kwa kunielezea,” akasema, akaniletea koti langu.

Wiki iliyofuata binti yake aliniandikia kwamba Bibi amechoka, watanijulisha. Hawakunijulisha. Niliiuza rivolva kwenye duka lile lile, na muuzaji safari hii hakutania. Niliandika meseji ya kuomba radhi kwenye simu, nikaifuta, nikaiandika upya. Ile fupi niliiona kama ya kutojali. Ile ndefu ilifanana na maelezo yangu ya siku ile.

Mwishowe nikapiga.

“Bibi, sikuwaogopa ninyi. Ilinipasa niseme hivyo siku ile. Na kwa watoto, nilikosa. Nisamehe.”

Kwa mbali nilisikia maji yakimiminika.

“Sasa ulikuwa unaogopa nani?”

Nilitafuta mtu wa kumtaja. Sikumpata hata mmoja.

“Sijui, Bibi.”

“Nimekusamehe,” akasema. “Lakini kwa watoto usije kwanza. Mama yao hajakubali, na mimi sitamwomba.”

Akanitakia siku njema. Mtihani wake wa uraia ulikuwa Jumanne iliyofuata, na aliyempeleka alikuwa mtu mwingine.