Mama Atatokea Wapi

Nyumba yetu ya Gongoni, Tabora, aliijenga marehemu baba kwa mtindo wa zamani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na mwisho wa ukumbi mlango wa kutokea uani. Uani kuna jiko, choo na chumba cha mama. Alihamia huko mwenyewe baada ya baba kufariki, akidai vyumba vya mbele vina joto na kelele. Pande zote tatu za uani kuna kuta za majirani, matofali matupu. Ukitaka kwenda barabarani unapita ukumbini, hakuna pengine.

Jambo hilo halikuwahi kunipitia kichwani, maana vyumba vya mbele tulikuwa tunakaa sisi wenyewe, mimi na mke wangu. Kisha nikahamishiwa Kaliua. Kazi yangu ni ya reli, na reli ikikuhamisha hubishani nayo. Nikamwomba mama tuhame wote. Akaniuliza huko Kaliua ana nani.

Lazima niseme kwamba mama yangu ni mtu wa kutoka. Asubuhi yuko kwa mgonjwa, mchana yuko kwenye shughuli ya watu, jioni anapeleka bakuli la mchuzi kwa shoga yake na kurudi na habari za mtaa mzima. Ukimkosa nyumbani, uliza tu ni wapi kuna msiba au harusi. Kumtoa Tabora ingekuwa kumwonea.

"Mimi nakaa kwangu," akasema. "Wewe weka mpangaji huko mbele nisiwe peke yangu, basi."

Dalali hakukawia. Aliniletea bwana mmoja mtanashati, muuza simu, mpole wa sauti, viatu vinang'aa hata kwa vumbi letu. Kitambulisho anacho, barua ya serikali ya mtaa anayo, wadhamini anao. Nilimuuliza mtaishi wangapi, akasema yuko peke yake. Nilimuuliza mita ya umeme ni moja, mtachangiaje na mama, akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Mkataba wenyewe dalali alikwisha uchapa: kodi, muda, notisi, nani atatengeneza bomba likipasuka. Niliusoma wote nikaona umetimia. Hapo dalali akanipa kalamu.

"Tusimcheleweshe mteja, kaka."

Sasa mimi, mtu akinihimiza, ndipo miguu inapokuwa mizito. Si busara, ni ukaidi tu niliozaliwa nao. Nikairudisha kalamu mezani, nikasema nitasaini kesho, kwanza nikaonane na mwenye nyumba wa huko anakopanga sasa. Dalali akakunja uso. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele, akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Mwanangu, unatafuta mpangaji au unaposa?"

Yule bwana alikuwa anapanga mtaa wa Chemchem. Nilifika asubuhi, nikakuta mlango wa mbele umepigwa kufuli kwa nje. Nikapiga hodi hivyo hivyo. Sauti ya mzee ikanijibu kutoka nyuma ya nyumba.

"Karibu! Zungukia kwa jirani!"

Nikapita uwanjani kwa jirani, nikafika kwenye ua wa michongoma. Mahali pamoja matawi yalikuwa yamesukumwa huku na huku, pakabaki tundu la kupita mtu aliyeinama. Nikainama, nikapita. Upande wa pili alinisubiri mwenye nyumba, mzee mwembamba aliyevaa kanzu. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanivutia kigoda.

"Yule bwana? Hana neno kabisa," akasema. "Kodi analipa hujauliza. Hanywi, hana kelele. Mchukue tu, ingawa mimi ananiacha."

Nikamuuliza habari ya lile kufuli.

"Ah, hilo. Akitoka anafunga. Ana mali yake ndani, na nyumba nzima kaipanga yeye, ndivyo tulivyoandikishana. Jioni akirudi anafungua. Mimi nimebakiza hiki chumba cha uani."

"Na wewe mzee unatokea wapi?"

"Si hapo hapo ulipoingilia wewe!" Alisema bila uchungu wowote. "Nimeshazoea. Ijumaa tu ndiyo naondoka mapema, nisikose swala."

Bega la kanzu yake lilikuwa limeshonwa na kushonwa tena pale miiba ilipolichana. Nililitazama lile bega nikasikia hasira, kisha nikakosa wa kumkasirikia. Mpangaji alifunga alichokilipia. Mzee alikuwa amesaini mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba nyumba nzima ni ya mpangaji, na ukumbi ni sehemu ya nyumba. Maneno hayo hayo, nyumba nzima, yalikuwamo kwenye mkataba wangu pale mezani nyumbani.

Kisha hasira ikaisha, nikaogopa. Mzee huyu angalau alikuwa na michongoma. Mama ana matofali. Bwana akienda dukani kwake asubuhi, mama angekaa uani mpaka jioni, na jiko likishika moto hakuna tundu la kuinama. Nilibaki nimekaa kwenye kile kigoda muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mzee akadhani nasubiri chai.

Njiani kurudi nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Kalamu nilikuwa nimekwisha ishika!

Sitaki kumsingizia yule bwana. Nilimweleza wazi: mama apewe ufunguo wake, na ukumbi uwe njia yake saa zote. Akafikiri, akasema kwa mali anayoweka ndani hawezi kulala na mlango wenye funguo kwa watu wawili. Nikamshukuru kwa kunieleza ukweli, tukaagana vizuri. Aliyenuna ni dalali.

Mama nilimsimulia yote, kufuli, tundu, kanzu, na moto niliouhofia.

"Yaani ningesikia kilio mtaani na nisiweze kwenda?"

Moto haukumshughulisha hata kidogo.

Wapangaji tuliowapata baadaye ni mke na mume kutoka Ulyankulu, watu ambao wazee wao walitoka Burundi. Mke ni fundi cherehani. Huko walikokuwa wanapanga nilikwenda pia, na nilichokitazama kwanza ni mlango. Ulikuwa wazi, na mama mwenye nyumba alikuwa amekaa ukumbini kwa wapangaji wake, analalamika kwamba wanamwacha.

Kwenye mkataba niliongeza kwa mkono wangu: ukumbi ni njia ya mama wakati wote, mlango wa mbele una funguo mbili, mmoja ni wa mama, na kufuli la nje haliruhusiwi. Fundi akasoma, akainua macho.

"Kaka, na hili nalo ni la kuandika? Bibi si atapita tu?"

"Atapita," nikamwambia, "lakini tuliandike."

Akasaini, mumewe akasaini, na mimi nikasaini bila mtu kunihimiza.

Tulipofika Kaliua nilipiga simu kila jioni. Mama hatembei na simu, huiacha ikichajiwa ukumbini karibu na cherehani, kwa hiyo anayepokea ni fundi.

"Bibi ametoka, kaka. Kuna watu wanamwoza binti yao."

Kesho yake alikuwa ametoka tena, kuna mtu kajifungua. Siku iliyofuata fundi hakujua hata ni wapi, alimwona tu akipita na mtandio mpya. Nikaanza kukasirika. Mtu unampigia mama yako, humpati! Mdomo nilikuwa nimekwisha ufungua nilalamike, ndipo nikalikumbuka lile bega la kanzu.

"Umempata mama?" mke wangu akaniuliza kutoka jikoni.

"Sijampata," nikasema. "Ametoka." Na machozi yakanilengalenga kwa furaha.