Kobayi Aliyebeba Pumu Yangu

Nilipokuwa mtoto pale Katindo, kupumua kwangu kulikuwa shughuli ya nyumba nzima. Watoto wengine walipumua tu, bila kuombwa. Mimi nilikuwa na pumu kali, na hewa yangu ilibidi ibembelezwe: mama alinikalisha kitandani na mto mgongoni, akanisagia kidonge kwenye kijiko cha chai, kisha akakaa akitazama mabega yangu yakipanda na kushuka. Watoto wa jirani waliniambia kuwa kinachonikaba ni mazuku. Kwetu Goma hilo ni jina la upepo mbaya unaolala mabondeni, kwenye mawe ya volkano. Wakubwa walisema unaua mbuzi. Watoto walisema una mikono, na mimi niliwaamini watoto.

Koko, bibi yangu mzaa mama, alikuwa ametoka upande wa Butembo na mazuku aliyaona kuwa hadithi tu za watu wa Goma. Vidonge navyo alivichukia.

"Mutoto atakunywa hivi vitu mupaka lini?" alimuuliza mama. "Mupaka aolewe?"

"Docta ndiye atasema, mama."

Koko hakungoja docta. Aliniletea kobayi, wale wanyama wadogo wasio na mkia tunaowafuga jikoni. Wengine walikula maganda ya viazi wakisubiri zamu yao ya sufuria, lakini huyu wa kwangu, dume la kahawia, hakuna aliyethubutu kumgusa. Kila usiku alilala kifuani pangu.

"Haka kanyama katakubebea ugonjwa," Koko aliniambia. "Siku kakikufa, na ugonjwa umekufa. Vidonge tutatupa kwa choo."

Mama hakupenda, ila mfa maji haachi kutapatapa, na vita vilikuwa vimefunga barabara hata dawa zikawa za kubahatisha. Basi nikawa na vyote viwili, kidonge cha mama na mnyama wa Koko. Nilimpapasa gizani nikisikiliza kama ameanza kukohoa. Nilimpenda, na nilimwombea afe. Sijui mtoto anabebaje mambo hayo mawili kwa pamoja, lakini niliyabeba, na hata leo nikiyakumbuka situlii.

Kisha mabomu yakaanza kuanguka karibu na kambi ya askari. Papa, baba yangu, alikuwa safarini na bidhaa zake, kwa hiyo tulitoka wanawake peke yetu, tukafuata umati kwenye barabara ya Sake. Mama alifunga vidonge kwenye pindo la kitenge. Koko alibeba kikapu cha kobayi. Njiani tulishikamana na mwanamke kijana, Mama Espe, aliyekuwa na binti mdogo mgongoni. Espe alikuwa bado anajifunza kusema. Kila tulipopumzika alichuma majani akamlisha mnyama wangu, na nilimwonea wivu kidogo kwa jinsi alivyocheka bila kukohoa.

Tulifika Mugunga jioni, mvua inanyesha, watu wamejaa juu ya mawe kila mahali. Koko ndiye aliyeona kishimo kipana chenye nyasi, kisichoingia upepo.

"Hapa mutoto hatapigwa baridi," alisema, na akajisifu kwamba watu wa mjini hawana macho. Mahali pazuri namna ile palikuwa pameachwa wazi, nasi hatukujiuliza kwa nini.

Pumu ilinikamata usiku huo. Kulala chali sikuweza, kwa hiyo mama na Koko walinikalisha juu ya mizigo, mmoja kila upande, wakanishika hivyo mpaka kulipokaribia kucha. Espe alikataa kulala mbali na kobayi. Mama yake akamlaza chini kwenye nyasi, kando ya kikapu, kisha yeye mwenyewe akaketi ukingoni, na alfajiri akapanda kwenda kutafuta maji.

Kulipopambazuka, mama alitaka kuwasha makaa. Kibiriti kiliwaka vizuri mkononi, akainama, kikazimika. Akajaribu tena.

"Kimelowa," alisema.

Kifua changu kilikuwa kimeachia. Koko akafungua kikapu kumpa mnyama nyasi, na mnyama alikuwa amekauka, miguu juu.

Koko alipiga vigelegele. "Kamebeba! Kamebeba! Mutoto wangu amepona!"

Watu walisogea ukingoni kutazama. Mama Espe naye alirudi na bidoni yake ya maji, akicheka kwa ajili ya furaha yetu, akainama kumwamsha mtoto wake. Espe hakuamka. Kilio cha mama yake sitakieleza, na aliyewahi kusikia kilio cha namna hiyo hahitaji maelezo yangu.

Halafu sauti ya mwanamume ilitoka juu: "Si huyu muzee amesema mwenyewe? Ugonjwa umetoka kwa mutoto wake, umeua kanyama, umeua na mutoto wa mwenzake."

"Mulozi," mwingine akasema, na alikuwa ananielekezea mimi kidole.

Kwetu neno hilo, yaani mchawi, likimshika mtoto halimwachii. Nimewaona waliofukuzwa nyumbani kwa ajili yake, wakilala sokoni. Mama alinivutia nyuma yake. Mama Espe, mtoto mikononi, alinitazama, na usoni pake sikuona hasira. Alikuwa kama mtu anayeniuliza kama ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini.

Koko alisimama. Alikuwa mwanamke wa majivuno, na kwa miezi mtaa mzima ulikuwa umesikia habari za kobayi wake. Akamnyang'anya mama kibiriti.

"Batu, musikilize!" alisema. "Mimi ni mujinga. Kanyama ni kanyama, hakabebe kitu. Nilikuwa nadanganya mutoto na nilijidanganya mimi mwenyewe. Muangalie."

Akawasha kijiti, kikawaka. Akainama nacho hadi kwenye nyasi, kikafa. Akawasha kingine, nacho kikafa palepale.

"Moto unakataa kuwaka hapa chini. Mutoto angepumua nini? Ni mazuku! Mutoe batoto!"

Mama mmoja mwenyeji wa Mugunga akaitikia kutoka juu kwamba ni kweli, hapo hata mbuzi wao hawawaachi washuke. Watu wakatuondoa shimoni kwa mikono yao, hata yule aliyeninyooshea kidole. Koko alivua kitenge chake cha juu akamfunika Espe. Jioni hiyo yeye ndiye aliyenisagia kidonge.

Mama Espe hakunisemesha siku zote tulizokaa kwenye kambi ya wakimbizi hapo Mugunga. Siku ya kuachana aliweka mkono juu ya kichwa changu, akauondoa, akaenda zake. Nimesoma mengi kuhusu hewa ile nzito isiyo na harufu, na najua kilichoniokoa ni pumu yenyewe iliyonizuia kulala. Kujua huko hakunipi usingizi. Binti yake alilala chini kwa sababu alimpenda mnyama wangu.

Tuliporudi Katindo, jikoni hamkuwa na kobayi hata mmoja. Waliobaki mjini walikuwa wamewala. Pumu ikaanza kupungua. Docta alinipunguzia dawa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikabaki pompi moja ya kuvuta dawa kwa mdomo, ya kubeba kwenye mkoba, ambayo alinikataza kuiacha. Nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa siku aliponiuliza kama nyumbani tuliwahi kufuga wanyama. Nikamweleza kobayi alivyolala kifuani pangu. Akashika kichwa. Alisema huenda manyoya yale ndiyo yaliyokuwa yakinikaba kila usiku.

Nilirudi nyumbani. Koko alikuwa ameketi mlangoni, macho yake yameanza kufifia.

"Docta amesema nini?"

"Amesema nimepona, Koko."

"Amesema ni nini imekuponyesha?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Niliitazama mikono yake, nikamwambia kwamba docta hakujua.

Akatabasamu polepole, kama mtu aliyekuwa akijua siku zote, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kuacha kumwamini kobayi wake. Pale shimoni, mbele ya watu wote, alijiita mwongo kwa jambo aliloliona kweli tupu, ili mimi nisiitwe mulozi. Nimependwa na wengi maishani, lakini sijapendwa hivyo tena.