Masale ya Halmashauri

Kwanza mjue kwamba mimi ni msomi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu, mke, na watoto wawili walionisahihishia hesabu. Siku matokeo yalipotoka mtaa wetu wa Njoro ulisimama wote, hata mbwa walinyamaza. Au tuseme jirani mmoja alinipa mkono. Kwa cheti hicho nikapata kazi katika halmashauri moja ya huku kwetu, ambayo siitaji kwa sababu bado tunasalimiana. Cheo changu kilikuwa Msaidizi wa Taarifa kwa Wageni. Nilikaa kwenye kibanda kipya chenye dirisha kubwa la kioo, na dirisha lenyewe liliupa mlima mgongo. Mgeni akiuliza Kilimanjaro uko wapi, ilibidi tutoke wote, tuzunguke mpaka nyuma ya choo, na hapo tukute mawingu.

Mpango wa utalii wa halmashauri ulikuwa mnene kama Biblia, na wengi wetu tuliusifu bila kuufungua. Ukurasa mmoja ulitaka njia ya miguu ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, kijiji fulani cha juu, iwekwe alama. Vibao vya chuma vilishajaribiwa zamani. Kimoja nilikiona kwa macho yangu kikiwa mlango wa banda la nguruwe, maneno KARIBU MGENI yakiwasomea nguruwe.

Kwenye kikao, afisa utalii wetu, mama mchangamfu aliyehamishiwa kwetu kutoka kusini, akapata wazo.

"Tutumie alama za asili. Yale majani marefu mnayozungushia nyumba zenu, mnayaitaje?"

"Masale!" tukajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza.

"Basi masale. Mistari miwili, mgeni anapita katikati."

Sasa, Mchagga yeyote anajua isale ni nini. Ukilipanda umeweka mpaka, au alama ya kaburi, na mpaka wa isale hausogezwi. Anayeling'oa isale la mwenzake anajitafutia balaa yeye na wajukuu wake. Mezani tulikuwa Wachagga saba, wote tumezaliwa ndani ya uzio wa masale. Hakuna aliyefungua mdomo. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, harufu ya mtori ilishapenya chini ya mlango, na mwenye hoja ndiye angetuchelewesha. Wazo likapita kwa makofi.

Njia ilikatiza kihamba cha bibi mmoja mjane. Kihamba ni shamba la nyumbani, migomba juu, kahawa chini yake, na makaburi ya wenyewe humo humo. Bibi alikubali kwa moyo mweupe: "Pitisheni, mjukuu wangu, wageni wataninunulia ndizi." Nikapanda masale kwa mikono yangu, elfu moja, au tuseme themanini. Kisha nikaketi kuandika kipeperushi.

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Njia yenyewe niliichagua kwa sababu ilikuwa na kivuli, lakini nani anasafiri kutoka Ulaya kuja kuona kivuli? Nikaandika: "Njia hii inafuata mpaka wa kale wa koo mbili, uliowekwa na machifu wetu, wamangi, kabla mlima haujaota theluji." Niliposoma mwenyewe nywele zilinisimama. Kikao kilikipitisha bila kukisoma, nikakipiga muhuri.

Wiki ya kwanza walikuja wageni wawili, mmoja wao alikuwa anatafuta hospitali. Wiki ya pili akaja yule bibi, ameshuka kutoka juu na kanga yake ya kanisani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenigawia kihamba na nani?"

Nikadhani jua limempiga. Akaniketisha, mimi mwenye kibanda, akanieleza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameokota kipeperushi changu na kukivalisha nailoni kama cheti cha ubatizo. Anatembea nacho kilabuni anakinywea mbege. Anasema serikali yenyewe imekiri mpaka wa zamani: juu ya masale ni kwa bibi, chini ni kwake.

"Na chini kuna nini, bibi?"

"Kuna kahawa yangu yote. Na marehemu mume wangu, babu yako, amelala huko."

Akasimama kuondoka, akaniambia siku ya shauri. Jumapili baada ya misa mwenyekiti wa kijiji angesikiliza shauri na kulikata.

Nikakimbilia kwa afisa utalii kuomba barua fupi tu, ya kusema kwamba njia ni njia, si mpaka.

"Kipeperushi kimepitishwa na kikao," akasema. "Tukikikanusha, tunasema kikao hakikusoma."

"Hakikusoma, mama."

"Hilo tunalijua wewe na mimi. Subiri kikao kijacho."

"Ni lini?"

"Mpaka kikao kipange."

Jumapili nikapanda peke yangu. Kijiji kizima kilikuwa kwenye nyasi za ofisi, bado kina ubani kwenye nguo. Shemeji alisimama akasoma kipeperushi kwa sauti ya padre. Alipofika kwenye theluji watu waliguna kwa heshima, na bibi akainamisha kichwa. Kitu cha ajabu ni kwamba hata mimi nilianza kuamini.

Nikasimama. "Shikamooni wazee. Maneno hayo ni yangu."

"Uliyatoa wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kichwani."

"Na wamangi?"

"Kichwani humo humo."

"Aisee! Na kabla mlima haujaota theluji, aliyekuwepo ni nani?" Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja nyuma akadakia, "Muulizeni na hiyo shule yake kama ipo!"

"Lakini kuna muhuri wa halmashauri!" shemeji akapiga kelele.

"Muhuri nilipiga mimi. Unakaa mezani kwangu karibu na chupa ya chai."

Bibi akainua uso. "Mjukuu wangu, sema yote leo. Uliongeza nini kingine?"

Ikabidi niungame mbele ya waumini wa misa ya kwanza na ya pili. Maporomoko nimeyarefusha mara tatu. Simba niliyemwandika si kweli. Chemchemi ya kurudisha ujana, hiyo nilikunywa mwenyewe na mnaniona. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi, msomi wa Njoro, nikatamani mawingu yashuke yanifunike.

Mwenyekiti akakata shauri: kihamba ni cha bibi chote kama kilivyokuwa, na masale yatoke leo hii. Kicheko kikakatika. Watu mia walitazama chini, hakuna aliyenyoosha mkono kushika jembe.

"Aliyepanda ndiye ang'oe," mwenyekiti akasema.

Nikang'oa. Kijiji kilinifuata kama maandamano, kwa mbali kidogo, balaa isije ikakosea mtu. Shemeji alikuja nyuma ya wote, kipeperushi kimekunjwa mfukoni. Mgongo ulikuwa unawaka nilipofika chini kabisa ya kahawa, na kwa haraka ya kumaliza nikainua jembe juu ya isale nene lililosimama peke yake.

"Hilo liache!"

Ilikuwa sauti ya shemeji. Alikuwa amenishika mkono.

"Hilo si la halmashauri," akasema. "Nililipanda mimi, siku tuliyomzika kaka."

Ndipo nilipoona kaburi. Bibi alikuwa amesimama ng'ambo ya pili. Akamwambia shemeji yake kwa Kichagga achote maji kwenye mfereji, amwagilie lile isale, kwa maana tangu ugomvi uanze hakuna aliyefika pale. Shemeji akaenda kuchota.